Robo ya Sekunde

Picha zilipoanza, wa kutulia alikuwa mpigwa picha. Kamera ilikaa juu ya stendi yake ya mbao, nzito, isiyo na haraka, na kazi yote ya utulivu ikamwangukia aliye mbele yake. Mwaka 1838 Louis Daguerre aliielekeza kamera yake dirishani, chini kukiwa na barabara ya Boulevard du Temple mjini Paris, akaiacha lenzi wazi kwa dakika kadhaa. Barabara ilikuwa na watu na magari ya farasi. Wote walipita bila kuacha hata kivuli, isipokuwa mtu mmoja aliyekuwa amesimama akipigwa rangi viatu. Huyo akabaki, na leo anatajwa miongoni mwa binadamu wa kwanza kuonekana pichani. Jina lake halijulikani. Sifa yake yote ni kwamba mguu wake ulikuwa na sababu ya kukaa mahali pamoja.

Muda si mrefu studio za Ulaya na Marekani zikaanza kupiga sura za watu kwa malipo, na mteja akawekewa chuma nyuma ya kisogo, chenye makucha mawili ya kumshika kichwa kisicheze. Watu wale wanatutazama kwa ukali hadi leo, na wengi hudhani kwamba enzi zile hazikuwa na furaha. Furaha ilikuwepo. Kicheko ndicho kisichoweza kudumu nusu dakika bila kugeuka kilio.

Sisi tuliozaliwa baadaye sana tulikuta mabaki ya adabu ile. Fundi picha wa mtaani alikuwa na pazia lake la nyuma lililochorwa minazi na ndege ya abiria, kiti kimoja, kitana cha kuazima, na ile sauti ya hakimu: inua kidevu, mikono magotini, tulia hivyo hivyo. Filamu za wakati huo zilikuwa tayari na kasi ya kutosha na flashi ilikuwa juu ya kamera. Hakukuwa na haja tena ya mtu kujikaza kama anayesubiri sindano. Lakini amri ilikuwa imeshakuwa sehemu ya heshima ya kupigwa picha, na mama zetu waliitii mpaka mishipa ya shingo ikaonekana.

Kazi ya kutulia ilianza kuhama kamera zilipokuwa ndogo. Kodak ya mwaka 1888 ilishikwa mkononi, ila ilitaka jua. Kilichofungua usiku na vyumba vya ndani kwa mtu asiye na stendi ni kamera kama Leica, iliyobuniwa na Oskar Barnack na kuoneshwa kwenye maonyesho ya biashara ya Leipzig mwaka 1925: kitu cha kuingia mfukoni, chenye filamu ya sinema ndani yake na lenzi ya milimita 50. Sasa aliye mbele ya lenzi angeweza kucheka, kula, kugombana na mkewe. Aliyetakiwa kuzuia pumzi ni yule aliye nyuma yake.

Nami naona, kwa upendeleo wangu wa wazi, kwamba miaka ile ambayo mzigo ulikuwa mikononi mwa mpiga picha ndiyo miaka bora ya kazi hii.

Mkono wa binadamu hautulii. Wa daktari wa upasuaji hautulii, wa mlenga shabaha hautulii. Kila mkono wenye afya una mtetemo wake mdogo, kiasi cha mara 8 hadi 12 kwa sekunde, na juu ya mtetemo huo kuna mapigo ya moyo, kuna kifua kinachopanda na kushuka, kuna mwili mzima unaoyumba kidogo kwa sababu kusimama kwenyewe ni kazi ya kuzuia kuanguka. Wapiga picha wana kanuni yao ya mdomoni: gawanya moja kwa urefu wa lenzi. Ukiwa na lenzi ya milimita 50, usishuke chini ya 1/50 ya sekunde. Ukiwa na ya 200, usishuke chini ya 1/200. Ukishuka hapo, picha itacheza. Robo ya sekunde, ambayo ndiyo kipimo cha kawaida cha ukumbi wenye taa moja na filamu ya ISO 400, ni zaidi ya mara 12 ya kile ambacho kanuni inaruhusu kwa lenzi ya 50. Kwa hesabu hiyo, tungekuwa tunaenda nyumbani kila ifikapo magharibi.

Lakini kanuni hiyo haielezi kinachoharibu picha. Wengi hudhani ni kamera kuhama. Sivyo. Kamera ikihama milimita moja nzima, upande kwa upande, huku unapiga jengo lililo mita 10 mbele yako kwa lenzi ya 50, picha ndani ya kamera inahama milimita 0.005 tu. Hutaona kitu. Lakini kamera hiyo hiyo ikigeuka, ikiinama au ikielekea pembeni kwa sehemu moja ya kumi ya digrii, picha inahama karibu milimita 0.09, ambazo kwenye kamera ya nukta milioni 24 yenye ukubwa wa filamu ya kawaida ni kama nukta 14 au 15. Hapo nyuso zote zimekwenda. Adui basi ni kugeuka, na kugeuka kunaletwa na vitu vidogo vidogo: kiwiko kilichoachwa hewani, kidole kinachobofya kwa pupa, mkanda wa kamera unaoning'inia na kuguswa na upepo.

Ukishajua hivyo, unaacha kupambana na mkono. Unakaza kile kinachogeuka. Viwiko vinabanwa mbavuni. Kiganja cha kushoto kinakaa chini ya lenzi, si pembeni yake, ili uzito ulale juu yake. Kamera inagusa paji la uso, na kichwa kinakuwa nguzo ya tatu. Mguu mmoja mbele. Kidole hakibofyi, kinajikunja juu ya kitufe polepole mpaka shata ifunguke yenyewe kama kwa bahati. Pumzi inavutwa, inashushwa nusu, na pale chini, kabla ya kifua kudai hewa tena, kuna nafasi tupu. Si ndefu. Inatosha robo ya sekunde, na kwa mtu asiyekuwa amekunywa kahawa inatosha nusu.

Hata ndani ya nafasi hiyo mwili haujaacha kuyumba. Ni kama mtoto kwenye bembea: kuna mahali, juu kabisa mwa mwendo wake, ambapo anakaribia kuwa hana mwendo, ndipo arudi. Mpiga picha mwenye uzoefu huhisi mgeuko huo bila kuweza kuueleza. Asiye na uzoefu ana njia nyingine isiyo na siri yoyote: apige picha nne au tano mfululizo bila kuinua kidole. Ya kwanza huharibiwa na kubofya na ya mwisho huharibiwa na kuachia. Katikati, mara nyingi, mojawapo imeangukia pale juu ya bembea.

Mji Mkongwe wa Zanzibar una upendeleo wake kwa watu wa namna hii. Nyumba zimejengewa baraza, milango imezungushiwa fremu nene za mbao, vichochoro ni vyembamba kiasi kwamba ukuta hauko mbali na bega lako. Nani anahitaji stendi hapo? Unaegemea tu. Mahali pasipo na ukuta kuna mbinu ya kamba: skrubu inayoingia kwenye tundu la stendi chini ya kamera, kamba nyembamba inayoshuka mpaka sakafuni, unaikanyaga, kisha unaivuta juu kwa kamera mpaka ikaze. Kamba haizuii kila kitu, lakini inaua ule mwendo wa juu na chini, na inaingia mfukoni na funguo.

Mkono, kwa hiyo, ni jina la heshima tu. Kinachoshika kamera ni nyonga, magoti, mgongo na ukuta wa watu. Mohamed Amin, mzaliwa wa Nairobi aliyekulia Dar es Salaam na ambaye picha zake za njaa ya Ethiopia mwaka 1984 ziliutikisa ulimwengu, alipoteza mkono mmoja katika mlipuko wa ghala la silaha mjini Addis Ababa mwaka 1991. Mwenzake wa sauti aliuawa hapo hapo. Alitengenezewa mkono wa bandia, akarudi kazini na kamera, akaendelea mpaka kifo chake katika ndege iliyotekwa mwaka 1996. Sitaki kumfanya mfano wa chochote. Alichokipitia ni kizito kuliko mada yangu. Nasema tu kwamba alirudi kuishika.

Mahali nilipoielewa robo ya sekunde ni kwenye maulidi ya homu, uani kwa watu, upande wa Ng'ambo, enzi za filamu. Nilifika na stendi yangu. Mzee mmoja wa mlangoni aliitazama, akanitazama mimi, akasema kwa upole kabisa: "Mwanangu, hiyo miguu mitatu iache hapa na viatu." Flashi sikuwa na haja ya kuulizia.

Kulikuwa na taa moja ya mche iliyofungwa juu ya kizingiti, na wanaume wa kanzu nyeupe wamepiga magoti safu kwa safu, bega kwa bega. Wanaanza taratibu. Mwili mmoja unainama kulia, na safu nzima inainama kulia. Mikono inapanda, inafunguka, inarudi kifuani, na matari yanaendesha yote kutoka pembeni. Nilikaa chini, mgongo ukutani, magoti juu, viwiko juu ya magoti. Nikawa mimi ndiyo stendi. Na kwa kuwa nilikuwa nimekaa nao, nilijikuta pumzi yangu inafuata matari, na shata inafunguka pale safu inapofika mwisho wa kuinama, kabla haijarudi.

Filamu iliposafishwa nilikuta jambo nisilolitarajia. Ukuta umetoka safi, taa imetoka safi, na safu ya waumini imekuwa wimbi moja jeupe lisilo na mikono. Tari liliganda hewani likiwa na duara lake kamili, na mkono unaolipiga haupo. Nyuma ya wote kulikuwa na mtoto aliyelala usingizi juu ya paja la mtu, na huyo mtoto alionekana mpaka kope.

Watu hupenda kusema kwamba picha zilizocheza zina roho. Nyingi hazina. Nyingi ni picha mbovu za mtu aliyekuwa na haraka, na kuziita sanaa ni kumtania anayezitazama. Tofauti iko wazi na haihitaji falsafa: mkono ukitulia, kinachojongea kinaonekana kimejongea. Mkono usipotulia, kila kitu kimejongea sawasawa, ukuta na waumini na mtoto aliyelala, na hapo hakuna habari yoyote iliyobaki ila ya mpiga picha mwenyewe. Lile wimbi la kanzu nyeupe lingekuwa takataka kama ukuta nao ungekuwa wimbi.

Mwaka 1995 Canon walitoa lenzi ya milimita 75 hadi 300 yenye mtambo wa kutuliza picha ndani yake, ya kwanza ya aina hiyo kwa kamera za lenzi za kubadilisha. Mzigo ukaanza kuhama tena. Ndani ya mtambo kuna vihisi vya jairoskopu vinavyopima kugeuka kwa kamera mara nyingi mno kwa sekunde, na kioo kimoja, au katika kamera za siku hizi kihisi cha mwanga chenyewe, kinasukumwa upande wa pili kufuta kile mkono ulichofanya. Nguvu ya mtambo hupimwa kwa stopu, na kila stopu ni kuzidisha mara mbili. Stopu 5 ni mara 32, yaani lenzi ya 50 inashuka kutoka 1/50 hadi zaidi ya nusu sekunde. Mwaka 2020 Canon walitangaza kamera ya EOS R5 kwa hadi stopu 8, ambazo ni mara 256. Kwa hesabu ya karatasi, hizo ni sekunde 5 za mtu amesimama tu, bila ukuta, bila kamba, bila kumeza pumzi.

Ninazo kamera za namna hiyo na sizirudishi dukani. Ila kuna jambo moja ndani yake linalonifurahisha kuliko picha zenyewe. Mwaka 2016 watu wa Olympus, waliokuwa mbele kuliko wengi katika fani hii, walieleza kwamba mtambo wao ulikuwa umekaribia kikomo karibu na stopu 6.5, na kikomo hicho hakikuwa cha mkono. Kilikuwa cha dunia. Jairoskopu haijui ukuta wala mnara. Inajua kwamba imegeuka au haijageuka. Na dunia inageuka digrii 15 kila saa, pamoja na mpiga picha, baraza lake na mji mzima. Kihisi kilicho chepesi vya kutosha kinausikia mwendo huo na kuudhania kuwa ni mtetemo wa mkono, kisha kinaufuta kwa uaminifu. Mtambo mkamilifu usiokumbushwa chochote ungekaa tuli pamoja na nyota, na ukuta ulio mbele yako ungekuwa ndio unaotoroka, kwa lenzi ya 50 zaidi ya nusu nukta kila sekunde. Watengenezaji wamepata njia za kuurekebisha mtambo, na stopu zimeendelea kupanda. Lakini swali limeshaulizwa. Anayesema ametulia, ametulia pamoja na nani?

Anayepiga nyota analijua swali hilo kutoka upande wa pili. Akiifunga kamera juu ya mwamba, mwamba unatoka safi na nyota zinakuwa vijistari. Akiifunga juu ya mashine inayozifuata nyota, nyota zinakuwa nukta na minazi inakuwa moshi. Vyote viwili hapati, isipokuwa kwa kuunganisha picha mbili na kunyamaza.

Simu zimelimaliza swali hilo kwa njia ya mkato. Hali ya usiku, iliyoingia kwenye simu za Google mwaka 2018 na za Apple mwaka uliofuata, haishiki shata wazi kwa muda mrefu mara moja. Inapiga picha nyingi fupi, inazipanga moja juu ya nyingine mpaka kuta zilingane, inatupa vipande vilivyocheza, inajumlisha mwanga. Ni ile mbinu ya kupiga mfululizo, isipokuwa simu haichagui moja bali inazitumia zote. Pita Forodhani baada ya isha uwaone watu wamesimama mbele ya meza za mishikaki, simu mikononi, kioo kinawaambia watulie, nao wametulia kwa sekunde tatu nzima wakiwa na nyuso za watu wanaosoma fatiha. Sina ugomvi nao. Ugomvi wangu ni kwamba usiku wenyewe haumo tena katika picha hizo. Anga ni ya buluu, pembe za giza zimefagiwa, na muuza urojo anaonekana kama yuko adhuhuri.

Baharini, hata hivyo, simu inachanganyikiwa, na stendi pia. Wavuvi wa dagaa hutoka siku za giza, mbalamwezi ikiwa haipo, kwa sababu dagaa hufuata taa na mwezi huziharibia taa kazi. Zamani zilikuwa karabai. Siku hizi nyingi ni taa za betri. Ukiwa nchi kavu unaziona kama mtaa ulioota juu ya maji. Ukiwa ndani ya boti mojawapo, kila kitu kinakwenda: bahari, boti, wewe, na taa za wenzako kila moja juu ya mtumbwi wake. Stendi ukiifunga sakafuni inapokea kila wimbi na kulipeleka moja kwa moja kwenye lenzi. Mtambo wa kutuliza unavuta upande mmoja na boti inavuta upande mwingine. Ukitaka taa za mbali zitoke nukta, magoti lazima yalegee, mwili ufuate bahari na kichwa kibaki nyuma kidogo, kama wanavyosimama vijana wa boti bila kufundishwa. Hata hapo hupati zaidi ya robo ya sekunde.

Kwa hiyo niliamua kutulia pamoja na boti. Nilizima mtambo, nikaibana kamera kwenye mlingoti kwa mikono miwili, nikafungua shata kwa sekunde nne. Ndani ya boti kila kitu kikatoka: kamba, ndoo, buli la chai, fundo kwa fundo la nyavu. Nje, taa zote zikawa mistari, na mistari yote ilikuwa na umbo moja, iliyo karibu na iliyo mbali, yote imepanda pamoja, ikakata kulia pamoja, ikashuka na kumalizia na kijikunjo.

Nahodha aliitazama kwenye kioo kwa kitambo. "Hilo si wimbi la upepo," akasema. "La upepo halikati hivi. Hiyo ni meli iliyopita kule, wimbi lake limetufika ubavuni." Akafuata mstari kwa ukucha kuanzia mwanzo, pale boti ilipoinuka, mpaka kwenye kijikunjo, ambapo, alisema, ndipo yeye alipopindua usukani kidogo kulipokea. Kisha akanirudishia kamera.

"Na lile la kabla yake unalo? Lile lililomwaga chai."